Tusiache kusali kwa sababu tumeanguka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji aliyeandika hapa hivi karibuni akieleza kwa nini ameacha kwenda ibadani na hata kusali nyumbani kwake. Hakusema kwamba ameacha kumwamini Mungu. Alisema amechoka kujiona mnafiki: anasali asubuhi akiomba awe mpole, na kabla ya saa sita mchana amekwisha kumtukana mtu; anaahidi kuacha jambo fulani, ambalo hakulitaja, na kila anapoahidi hujikuta amelirudia. Kwa hiyo ameona ni afadhali akae pembeni mpaka atakapokuwa ametengeneza maisha yake, ndipo arudi mbele za Mungu akiwa mtu anayestahili. Niliisoma barua ile mara tatu, kwa kuwa nami niliwahi kukaa pembeni namna hiyo, na najua jinsi uamuzi huo unavyofanana na unyenyekevu machoni pa yule anayeuchukua.

Nianze na neno unafiki, kwa sababu ndilo lililomuumiza zaidi. Yesu alipowaita baadhi ya viongozi wa dini wanafiki, neno la Kigiriki lililoandikwa katika Injili ni lilelile lililotumika kwa mwigizaji wa jukwaani, mtu anayevaa sura isiyo yake mbele ya watazamaji. Watu waliokemewa katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo walisali katika pembe za njia ili waonekane, na walipofunga waliukunja uso ili kila mtu ajue kwamba wamefunga. Msomaji mwenzangu hafanyi hivyo. Mtu anayesali peke yake chumbani, akiomba awe mpole, kisha akashindwa na kuona aibu, hakuwa anamwigizia mtu yeyote. Alilitaka kwa kweli jambo ambalo bado hana nguvu za kulitenda, na hali hiyo Mtume Paulo anaiita udhaifu. Katika Warumi 8:26 anasema kwamba Roho hutusaidia udhaifu wetu, tena anautaja udhaifu huo katika jambo lilelile la sala, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Inanihuzunisha kwamba ndugu yangu amejiondoa mahali palepale ambapo msaada umeahidiwa.

Jambo linalonitia hofu zaidi katika barua yake ni yale maneno “mpaka nitakapostahili”. Nani atakayemwambia siku hiyo imefika? Akifaulu mwezi mmoja, je, huo unatosha, au asubiri mwaka? Na akiwa amefaulu mwaka mzima bila kusali, ataona sababu gani ya kurudi kwa Mungu ambaye hakumhitaji katika kazi yote ile? Mtu anayengoja namna hiyo hupatwa na moja kati ya mambo mawili: ama anakata tamaa kabisa, ama anazoea. Ninavyoona mimi, walio wengi huzoea, na aibu iliyokuwa inawauma mwanzoni hupoa taratibu hadi hawaisikii tena.

Mfalme Daudi aliwahi kukaa kimya. Tunapoikumbuka Zaburi ya 51 huwa tunadhani kwamba aliilia dhambi yake mara baada ya kuitenda, lakini kitabu cha pili cha Samweli kinaonyesha kwamba nabii Nathani alitumwa kwake baada ya mtoto kuzaliwa. Kati ya usiku ule alipolala na Bathsheba, mke wa askari wake Uria, na siku ya kutubu ilipita miezi yote ya mimba, na ndani ya miezi hiyo Uria aliuawa kwa amri ya Daudi, mkewe akamlilia, akahamia katika nyumba ya mfalme. Daudi aliendelea kutawala na kuamua kesi za watu. Katika Zaburi ya 32, inayohesabiwa kuwa yake, anasema kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa kwa kuugua mchana kutwa. Kimya hakikumponya, na kosa moja lililofichwa lilimvuta kwenye jingine, la pili likiwa baya kuliko la kwanza.

Kimya changu kilidumu wiki tatu, na naomba nikieleze, kwa sababu sitaki kumshauri ndugu yangu kama mtu anayesimama ng’ambo ya mto. Kazini kwangu niliandaa taarifa ambayo ndani yake nilikuwa nimekosea hesabu katika jedwali moja. Kosa lilikuwa langu. Kijana aliyekuwa chini yangu aliichapa tu kama nilivyompa. Lilipogunduliwa tuliitwa katika kikao, na mkuu wetu, akidhani kwamba kosa ni la uchapaji, akamkemea yule kijana mbele ya watu wote. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nakumbuka nilikuwa nikifungua kifuniko chake na kukifunga, nikikifungua na kukifunga, na nilikuwa nikijiambia kwamba nitasema akishamaliza sentensi hii, kisha akishamaliza hii nyingine. Kijana alinitazama mara moja tu, halafu akayashusha macho kwenye karatasi zake. Kikao kikaahirishwa na mimi sijasema neno.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba nimechoka, nikalala bila kusali. Usiku uliofuata nilikuwa na sababu nyingine. Jumapili nilikaa benchi la nyuma, na ilipofika wakati wa Meza ya Bwana nikatoka nje kana kwamba nimepigiwa simu. Nilijiona mtu mwaminifu kwa kufanya hivyo, kwa kuwa nilikuwa nakwepa kumwigizia Mungu. Leo naona wazi kwamba nilikuwa namkwepa yule kijana. Sala ilikuwa mahali pekee ambapo jina lake lingetajwa, kwa hiyo niliiacha sala, nikauita woga wangu unyenyekevu.

Lililonitoa huko ni mistari miwili, Mathayo 5:23 na 24, ambayo nilikuwa nimeisoma maisha yangu yote bila kuitazama vizuri. Mtu ameleta sadaka yake madhabahuni na hapo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache sadaka yake pale mbele ya madhabahu, aende apatane kwanza na ndugu yake, kisha arudi aitoe. Nilikuwa nikidhani kwamba mstari huu unamfukuza mkosaji. Lakini sadaka yake haikukataliwa wala haikurudishwa nyumbani. Imebaki palepale ikimngoja. Anatumwa kwenye nyumba ya mtu fulani mwenye jina, na anatazamiwa kurudi. Jambo jingine nililolitambua ni kwamba alikumbuka akiwa madhabahuni. Asingefika pale, huenda asingekumbuka.

Wapo watakaosoma barua hii na kusema kwamba nawafungulia watu mlango wa kutenda dhambi wakiwa na uhakika wa msamaha. Hoja hiyo ni ya haki, na ni ya zamani. Paulo aliikuta na kuijibu katika sura ya 6 ya Warumi kwa kuuliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, kisha akasema hasha. Mchungaji Mjerumani, Dietrich Bonhoeffer, ambaye utawala wa Hitler ulimnyonga Aprili 9, 1945, alitumia nguvu nyingi kuwaonya Wakristo wenzake juu ya neema inayogawiwa kwa bei rahisi, yaani msamaha unaotangazwa bila toba na ubatizo usio na nidhamu ya kanisa. Nakubaliana naye kabisa. Mtu anayesema “Mungu anajua sisi ni binadamu” huku akipanga kulirudia jambo lilelile kesho hajarudi popote.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba toba inayoishia midomoni haijafika. Torati, katika Hesabu 5:6 na 7, iliagiza kwamba mtu aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kitu kizima alichokichukua, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi zaidi ya hapo: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila mtu aliyemnyang’anya kwa hila. Naomba tuutazame utaratibu wa mambo katika sura ile ya 19 ya Luka. Yesu alimwita kutoka mtini na kujikaribisha nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja, na watu walionung’unika walinung’unika kwa sababu hiyohiyo. Zakayo hakuambiwa akasafishe hesabu zake kwanza ndipo apate mgeni. Lakini mgeni alipoingia, hesabu zilianza kusafishwa siku ileile. Ndugu yangu aliyeandika anataka kuanza na hesabu akiwa peke yake ndani ya nyumba, na mimi namsihi amfungulie mgeni.

Hapa lazima niongeze jambo moja, ili nisieleweke vibaya. Yako makosa ambayo aliyeyatenda hana haki ya kuyaita udhaifu na kuomba avumiliwe. Mtu anayempiga mwenzi wake, anayemdhuru mtoto, au anayeiba fedha alizokabidhiwa, hawezi kulia ibadani Jumapili kisha akadai kwamba jambo limekwisha na aliyeumizwa akae kimya kwa ajili ya jina la Yesu. Kurudi kwake ni pamoja na kukubali kuzuiwa, kuondolewa katika nafasi aliyonayo, na kujibu mbele ya sheria. Viongozi wa kanisa wanaomharakisha aliyeumizwa asamehe ili mambo yatulie wanamwongezea jeraha la pili, na ninaamini watalijibia.

Nirudi kwa sisi wenye makosa ya kila siku: hasira, wivu, uongo mdogo wa kujikinga, ulimi usiotulia, macho yasiyotulia. Wengi wetu tunamkumbuka Petro kwa usiku mmoja, akiota moto wa makaa uani na kumkana Bwana wake mara tatu. Yohana, katika sura ya 21, anasimulia kwamba Yesu aliyefufuka aliwaandalia wanafunzi samaki na mkate juu ya moto wa makaa, na hapo akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Katika Agano Jipya neno la Kigiriki la moto huo linapatikana mahali hapo pawili tu, na siamini kwamba ni kwa bahati. Petro alirudishwa kwenye harufu ileile ya moshi, akaulizwa kwa idadi ileile, na akakabidhiwa kondoo akiwa bado anahuzunika kwa swali la tatu.

Lakini tunalolisahau ni kwamba habari za Petro hazikuishia pale ufukweni. Miaka baadaye, baada ya Pentekoste, baada ya kuhubiri mbele ya maelfu na kuifikia nyumba ya Kornelio, ofisa wa Kirumi asiye Myahudi, Petro alikuwa Antiokia akila pamoja na Wakristo wa mataifa, na walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga na kuacha kula nao, kwa kuwaogopa. Paulo alimpinga ana kwa ana mbele ya wote, na ameiandika habari hiyo katika sura ya 2 ya Wagalatia. Ni hofu ileile ya macho ya watu iliyomshika uani. Kasoro ya Petro ilikuwa na mizizi mirefu; ilimfuata katika huduma, ikajitokeza tena alipokuwa nguzo ya kanisa. Habari hii hunipa faraja kuliko ile ya ufukweni, kwa sababu mimi nami huangukia mahali palepale nilipokwisha kusamehewa.

Na si kila kasoro huonekana na mwenye nayo. John Newton, Mwingereza aliyekuwa baharia katika biashara ya watumwa, alianza kumgeukia Mungu mwaka 1748 katika dhoruba baharini. Tungependa kusikia kwamba alipofika bandarini aliiacha biashara ile. Hakuiacha. Alikuwa nahodha wa meli za watumwa baada ya hapo, akisali na kusoma Maandiko ndani ya meli huku watu wakiwa wamefungwa minyororo chini ya sitaha, na alipoacha safari mwaka 1754 kilichomsimamisha kilikuwa ugonjwa. Alipewa daraja la uchungaji mwaka 1764. Ilikuwa mwaka 1788 ndipo alipochapisha andiko la kuikana biashara ile waziwazi na kukiri sehemu yake kwa aibu. Simsifu kwa miaka arobaini hiyo, na walioteseka ndani ya meli zake hawakupata faida yoyote kutokana na sala zake. Namtaja kwa sababu habari zake hunifanya nijiulize ni jambo gani ninalolitenda leo kwa dhamiri safi ambalo Mungu amekuwa akinionyesha na sijalitazama. Mtu aliyeacha kusali amejiondolea hata nafasi ya kuulizwa swali hilo.

Kwa upande wa makanisa yetu, nina neno fupi na nalisema nikiwa mzee wa kanisa ninayehusika nalo. Ushuhuda tunaoupokea kwa shangwe ni ule wa wakati uliopita: nilikuwa mlevi, nilikuwa mgomvi, nilikuwa mbali. Ni mara chache sana kumsikia mtu akisema “wiki hii”. Aliyeshindwa wiki hii anatazama kulia na kushoto, anaona watu waliokwisha kushinda, naye anahitimisha kwamba amekosea mlango. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana, na agizo hilo linawahusu watu walio ndani ya kanisa tayari. Sidai kwamba kila jambo lisemwe mbele ya kusanyiko. Yapo ya kumweleza padri au mchungaji, na yapo ya kumweleza ndugu mmoja mwenye kutunza siri. Lakini awepo huyo mmoja. Namwomba ndugu yangu amtafute kabla wiki hii haijaisha.

Ama kuhusu namna ya kurudi kila siku, Ignasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wafuasi wake kuichunguza dhamiri kwa utaratibu ambao mtu yeyote anaweza kuufuata: kwanza kushukuru kwa mema ya siku, kisha kuomba neema ya kuzijua dhambi zako, ndipo kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Shukrani inatangulia, na nimeona faida yake. Nilipokuwa nikianza moja kwa moja na makosa, niliishia kujilaumu kwa jumla, “mimi ni mtu mbaya”, na lawama ya jumla haimtengenezei mtu chochote. Nikipitia siku yangu kwa shukrani, makosa hujitokeza moja moja, kila moja likiwa na saa yake na mtu wake.

Usiku mmoja wa Jumapili nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda nikifanya hivyo, nikafika kwenye mambo ya asubuhi ile. Tulikuwa tunachelewa ibadani, na binti yangu mdogo alikuwa ameketi sakafuni akihangaika na kamba za kiatu chake. Nilimfokea kwa sauti ambayo nisingethubutu kuitumia kwa mtu mzima, nikamnyang’anya kiatu na kukifunga mwenyewe, nikikaza fundo kuliko ilivyohitajika. Njiani hakusema kitu. Saa moja baadaye nilisimama mbele ya watu nikasoma somo la siku. Mchana wote sikulikumbuka jambo lile hata kidogo, lakini usiku ule nililiona vizuri, hadi alama nyekundu niliyoiona juu ya mguu wake alipovua viatu. Nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa hajalala. Nilimwambia kwamba nilimkosea asubuhi, kwamba kuchelewa kwetu hakukuwa kosa lake, na kwamba naomba anisamehe. Alisogea ukutani ili nipate nafasi ya kukaa, akaniuliza kama kesho nitamfundisha lile fundo. Nimemfokea tena mara kadhaa tangu siku ile, ingawa ni mara chache kuliko zamani, na kila mara nimerudi chumbani kwake siku hiyohiyo.

Kuhusu yule kijana wa kazini, nilikwenda kwanza kwa mkuu wetu nikamweleza ukweli, kisha nikaomba nizungumze katika kikao kilichofuata, mbele ya watu walewale, na nikasema kosa lilikuwa la nani. Baadaye nilimfuata kijana mezani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Nimekusikia, mzee,” akaendelea na kazi yake. Hadi leo hatujarudi tulikokuwa. Zamani alikuwa akiniletea rasimu zake nizipitie kabla hajazipeleka mbele, na sasa humpelekea mtu mwingine. Sina haki ya kumharakisha. Nilirudi kwenye Meza ya Bwana Jumapili iliyofuata kikao kile, na kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani ninamtaja katika sala, kisha nikifika ninamsalimia, naye hunijibu.

Wako katika Kristo,
Mzee wa kanisa, msomaji wako wa siku nyingi